Mbona Simu ya Huduma Inakawia? Tusome Pamoja Hesabu ya Zamu



Mtu wa mpakani anajua jambo moja kuliko wengine wote: pesa ikikosea njia, kila dakika ina bei yake. Tuseme uko Busia karibu na geti, unamlipa mtu wa mahindi Ksh 4,500, kidole kinateleza kwa tarakimu moja na pesa inaenda kwa mtu usiyemjua. Huyo mtu anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa wakala. Akishaitoa, wabadilishaji wako hapo hapo, na dakika kumi baadaye pesa yako imegeuka kuwa shilingi za Uganda kwa mfuko wa mtu. Wewe bado uko kwa simu, unasikiliza muziki na ile sauti inayokuambia wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine.

Hapo ndipo swali hutoka, na mara nyingi hutoka kwa hasira: kwani hiyo kampuni imeajiri watu wangapi?

Ni swali la haki, lakini idadi ya walioajiriwa haikuambii utangoja muda gani. Kinachoamua ni wangapi wako kwa simu katika ile nusu saa uliyopiga, wakipimwa na simu zinazoingia nusu saa hiyo hiyo. Ukiwa na ratiba ya zamu na hesabu kidogo, jibu linaweza kujulikana hata wiki moja kabla. Leo tunakuonyesha hesabu yenyewe, kwa sababu ukiielewa utajua saa gani upige, useme nini, na kwa nini dakika yako moja inaweza kumsaidia mtu mwingine kuokoa pesa zake.

Kiwango cha huduma ni nini?

Kila kituo cha simu kina lengo lake. Lengo linalotajwa sana duniani ni 80 kwa 20, yaani kati ya kila simu 100 zinazoingia, angalau 80 zipokelewe ndani ya sekunde 20. Hicho ndicho kinaitwa kiwango cha huduma. Ukisikia kiwango kimefika asilimia 80, watu wanane kati ya kumi hawajangoja zaidi ya sekunde 20. Kikishuka hadi asilimia 40, watu sita kati ya kumi wamengoja zaidi ya hapo, na wengine wao wamengoja sana.

Nambari zote za hapa chini ni za mfano, tumezichagua ili hesabu iwe rahisi kufuata. Lakini njia ya kuhesabu ni ile ile inayotumika kwa vituo vikubwa.

Hatua ya kwanza: pima mzigo

Vituo vingi hugawa siku kwa vipande vya nusu saa. Mpangaji wa zamu anaangalia wiki zilizopita na kuuliza: Jumatatu kama hii, kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi, huingia simu ngapi? Tuseme ni 60.

Halafu anauliza: kila simu humshika mhudumu kwa muda gani? Hapa usihesabu maongezi peke yake. Ukikata simu, mhudumu bado anaandika shida yako kwa kompyuta na kuituma kwa wanaohusika. Tuseme yote pamoja ni dakika 4.

Sasa zidisha: simu 60 mara dakika 4 ni dakika 240 za kazi. Lakini nusu saa ina dakika 30 tu. Gawa 240 kwa 30, unapata 8. Huo ndio mzigo: kazi ya kuwashika watu wanane bila kupumua, kuanzia dakika ya kwanza hadi ya thelathini.

Je, tukiweka wahudumu wanane basi, si itatosha? Haitatosha, na hapo ndipo wengi hukosea.

Hatua ya pili: fomula ya mtu wa Denmaki

Mtu aliyelitatua jambo hili aliitwa Agner Krarup Erlang, mwanahesabu wa Denmaki aliyefanya kazi kwa kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka wa 1909 alichapisha makala kuhusu jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio, na mwaka wa 1917 akatoa fomula ambazo vituo vya simu hutumia mpaka leo. Mzigo wa simu ukapewa jina lake, na ndiyo maana ule mzigo wetu wa 8 huitwa erlangi 8.

Fomula yenyewe ni ndefu kidogo na siku hizi kompyuta ndiyo huifanya. Cha muhimu ni majibu yake. Kwa simu 60 za dakika 4 ndani ya nusu saa, na lengo la sekunde 20, hali ni hii:

- Wahudumu 12: asilimia 90 zinapokelewa kwa wakati. Kungoja kwa wastani ni kama sekunde 8.
- Wahudumu 11: asilimia 81. Kungoja ni kama sekunde 20.
- Wahudumu 10: asilimia 65. Kungoja ni kama sekunde 49.
- Wahudumu 9: asilimia 40. Kungoja ni kama dakika 2 na sekunde 37.
- Wahudumu 8: foleni haiishi, inaendelea tu kurefuka.

Isome hiyo orodha tena polepole. Kutoka 12 hadi 11 umepoteza asilimia 9. Kutoka 10 hadi 9 umepoteza 25. Mtu ni yule yule mmoja, lakini kadiri unavyokaribia ukingo, ndivyo kukosekana kwake kunavyouma zaidi.

Fomula hii ina kasoro moja ambayo ni vizuri uijue. Inachukulia kwamba hakuna mtu anayekata simu akichoka kungoja. Kwa kweli watu hukata, na hilo hupunguza foleni kidogo. Lakini wengi hukata na kupiga tena papo hapo, na kila kupiga tena ni simu mpya. Kwa hivyo siku mbaya, zile 60 zinaweza kuonekana kama 80, na mpangaji asipokuwa makini atadhani wateja wameongezeka.

Mbona mtu mmoja anabadilisha mambo hivyo?

Ukitaka kulielewa jambo hili bila fomula, fikiria barabara ya Malaba. Malori hayafiki mpakani kwa mpangilio, moja kila dakika mbili. Yanakuja matano pamoja, kisha kimya, halafu kumi kwa mkupuo. Wakati kila dawati la forodha linafanya kazi na kuna nafasi kidogo ya ziada, hayo kumi yanamezwa na barabara inatulia. Lakini kama maafisa wanatosha tu kwa malori ya kawaida, hayo kumi yanaacha mabaki, mabaki yanakutana na kundi linalofuata, na kufika jioni foleni imetoka nje ya mji.

Mnamo Januari 2022 watu wa Malaba na Busia waliliona hili kwa macho. Madereva walipogoma kwa sababu ya vipimo vya Covid-19 vilivyodaiwa upande wa Uganda, kazi mpakani ilikwama kwa siku kadhaa tu, lakini malori yalijipanga kwa kilomita nyingi upande wa Kenya. Na hata kazi iliporudi, foleni haikuisha siku hiyo hiyo. Foleni huzaliwa haraka na kufa polepole.

Simu ni hivyo hivyo. Ile nafasi ya ziada, wale wahudumu watatu juu ya mzigo wa 8, mtu anaweza kuwaona kama wanakaa bure. Hawakai bure. Wao ndio wanaomeza yale makundi ya simu yanayoingia pamoja.

Hatua ya tatu: ratiba ya karatasi na watu walio kwa kiti

Tunajua sasa tunahitaji watu 11. Tuseme ratiba ya zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana ina majina 14. Tuko sawa? Hebu tuhesabu waliopo saa nne kamili.

Mmoja ameamka na homa. Wawili wako kwa chumba cha mafunzo wanaonyeshwa menyu mpya. Tumebaki na 11. Wawili wameenda chai. Tumebaki na 9.

Karatasi inasema 14, kiti kinasema 9, na orodha yetu inasema 9 ni asilimia 40. Hakuna mtu aliyefanya makosa. Mgonjwa ni mgonjwa, mafunzo ni ya lazima na chai ni haki ya mfanyakazi. Shida ni kwamba vyote vimekutana kwa nusu saa moja, tena ile nusu saa yenye simu nyingi.

Kwa hivyo mpangaji mzuri huanza kutoka nyuma. Kama kwa kawaida watu 3 kati ya kila 10 waliopangwa hawako kwa simu kwa sababu moja au nyingine, basi ili apate 11 kwa kiti lazima agawe 11 kwa 0.7. Anapata 15.7, yaani anaandika majina 16.

Hatua ya nne: tabiri siku nzima, lakini usidanganywe na wastani

Sasa chukua vipande viwili vya asubuhi hiyo. Kuanzia saa mbili hadi saa mbili na nusu zinaingia simu 20 tu, na wahudumu 11 wapo. Karibu kila simu inapokelewa papo hapo, tuseme asilimia 100. Kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu zinaingia 60, wahudumu ni 9, asilimia 40.

Ukijumlisha 100 na 40 ukagawa kwa mbili, unapata 70. Ripoti inaonekana nzuri kiasi. Lakini hesabu wateja wenyewe. Nusu saa ya kwanza wamehudumiwa kwa wakati 20. Ya pili, asilimia 40 ya 60 ni 24. Jumla ni 44 kati ya 80, yaani asilimia 55. Huo ndio ukweli, kwa sababu watu wengi zaidi walipiga wakati mbaya.

Ukiona kampuni yoyote inajisifu kwa kiwango cha huduma, uliza kama imepima kwa idadi ya simu au kwa wastani wa saa. Majibu hayo mawili yanaweza kuwa mbali kama Nambale na Kampala.

Hatua ya tano: sogeza chai

Sehemu hii ndiyo tamu zaidi. Wale wawili waende chai saa mbili badala ya saa nne. Saa mbili, na simu 20, hata wakibaki 9 karibu kila mteja bado anapokelewa mara moja. Saa nne wako 11 kwa kiti, asilimia 81. Asilimia 81 ya 60 ni kama 48 au 49. Ongeza zile 20 za mapema, unapata karibu 69 kati ya 80, yaani asilimia 86.

Kutoka 55 hadi 86 bila kuajiri mtu, bila kuongeza saa na bila kumnyima mtu chai. Ndiyo sababu kazi ya kupanga zamu ni kazi ya kweli, na si kujaza majina kwa karatasi tu. Mpangaji anayetabiri kiwango kabla ya siku kufika anapata nafasi ya kurekebisha. Anayesubiri ripoti ya jioni anapata nafasi ya kuomba msamaha.

Mbona basi msiweke laini ya Busia peke yake?

Wazo hili linaeleweka. Mtu anataka kuongea na mtu anayeijua Marachi Estate, anayejua ukisema "pale geti" unamaanisha wapi, na ikiwezekana anayesikia Lukhayo, Kiteso au Luganda. Lakini angalia hesabu.

Chukua mzigo wetu wa 8 na wahudumu 12. Wakiwa kundi moja, tumeona ni asilimia 90. Sasa wagawe mara mbili: sita wa Busia na sita wa kwingine, kila kundi na mzigo wa 4. Kila kundi linapata asilimia 76. Watu ni wale wale na simu ni zile zile, lakini huduma imeshuka. Sababu ni kwamba Busia ikilemewa, wale sita wengine wanaweza kuwa wamekaa na hawaruhusiwi kusaidia.

Njia ya katikati ni kundi moja kubwa ambalo ndani yake kila zamu ina watu wanaozungumza lugha za mpakani. Simu inapokelewa na aliye huru kwanza, na kama lugha inasumbua, inapitishwa kwa anayeielewa. Kwa hivyo ukihitaji mtu wa lugha yako, omba. Si aibu.

Dakika moja yako

Mpaka hapa tumeongea juu ya kazi ya kampuni. Sasa tuje kwako, kwa sababu kuna nambari moja kwa hesabu hii ambayo mteja ana uwezo nayo kuliko mpangaji: zile dakika 4.

Turudi kwa ile nusu saa mbaya ya saa nne, wahudumu 9, simu 60, asilimia 40, kungoja dakika mbili na nusu. Tusiongeze mtu. Tupunguze tu kila simu kutoka dakika 4 hadi 3. Mzigo unashuka kutoka 8 hadi 6. Na kiwango? Kinapanda hadi asilimia 86. Kungoja kwa wastani kunakuwa kama sekunde 12.

Dakika moja kwa kila simu imefanya kazi zaidi ya kuongeza wahudumu wawili. Na hiyo dakika mara nyingi hupotea kwa mambo madogo: "Ngoja nitafute ile meseji." "Subiri kidogo, kitambulisho kiko kwa nyumba." "Ilikuwa jana au juzi, sina uhakika."

Kabla ya kupiga, kuwa na hivi mkononi:

- Namba ya muamala, ile ya herufi na tarakimu iliyo mwanzoni mwa meseji. Iandike kwa karatasi, maana ukiwa unaongea na simu hiyo hiyo ni shida kuitafuta.
- Kiasi, tarehe na saa.
- Namba uliyotaka kutuma na ile uliyotuma.
- Kitambulisho chako.
- Shida yako kwa sentensi moja. "Nimetuma 4,500 kwa namba isiyo sahihi saa nne na dakika kumi" inatosha. Historia ya mahindi inaweza kungoja.

Halafu chagua saa. Kama shida yako si ya haraka, kwa mfano unataka taarifa ya akaunti au kuuliza ada, usipige Jumatatu asubuhi, mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, wala wiki ya kufungua shule wakati kila mzazi analipa karo. Piga wakati watu wengi wamepumzika. Na kama mtandao umeanguka, kupiga simu hakutaurudisha. Kila anayepiga kuuliza "kwani mko chini?" anakalia kiti cha mtu ambaye pesa zake zinaondoka.

Pesa imekosea njia: usianze na simu

Kwa jambo la haraka kama hili, tumia kwanza njia isiyo na foleni. Kila mtandao una yake. Kwa M-PESA, kwa mfano, unaipeleka ile meseji ya muamala kwa 456 na ombi linaanza kushughulikiwa bila kungoja mtu. Baada ya hapo ndipo upige kama kuna haja. Kumbuka pesa ikiwa bado iko kwa akaunti ya aliyepokea kuna nafasi nzuri, lakini ikishatolewa, mambo yanakuwa magumu kwa kila mtu.

Bora zaidi, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Sekunde tatu za kusoma jina ni rahisi kuliko foleni yoyote.

Watu wa mpakani wana mtego mmoja zaidi. Ukiwa karibu na geti, simu yako inaweza kuruka kwa mtandao wa Uganda bila kukuuliza, na zile namba fupi za huduma huenda zisipite kabisa. Wewe unadhani kampuni haipokei, kumbe simu haijafika hata kwa foleni. Angalia jina la mtandao juu ya skrini kwanza. Kama limebadilika, ingia kwa mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono, au rudi hatua chache upande wa mji.

Na tafadhali, usiruhusu kuchoka kungoja kukupeleke kwa matapeli. Wanajua saa ambazo laini zimejaa. Unaandika malalamiko kwa Facebook, na baada ya dakika mbili "mhudumu" anakutumia ujumbe, mwenye adabu sana, anataka PIN yako "ili akurudishie haraka". Hakuna mhudumu wa kweli wa kampuni yoyote anayeuliza PIN. Kwa Safaricom, simu ya huduma kwa mteja hutoka namba moja tu, 0722 000 000. Foleni ya dakika tatu inakera, lakini ile njia fupi ya tapeli inamaliza akaunti.

Kwa mawakala: hesabu hii ni yenu pia

Kama una duka la wakala Malaba au Bumala, una kituo kidogo cha huduma. Tuseme kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, watu wanaporudi kutoka ng'ambo, unapata wateja 24, na kila mmoja anachukua dakika 3 pamoja na kuandika kwa kitabu. 24 mara 3 ni dakika 72. Saa moja ina 60. Mtu mmoja kwa kaunta atahudumia 20, na wanne watabaki kila saa. Baada ya saa tatu wako 12 mlangoni, na wengine wameshavuka barabara kwa jirani yako.

Kwa hivyo ukiwa na msaidizi wa nusu siku, usimweke asubuhi kwa sababu tu asubuhi ndiyo mazoea. Kaa na daftari wiki moja, piga alama kila mteja akiingia, nusu saa kwa nusu saa. Daftari litakuambia saa za kumweka, na pia saa ambayo floti lazima iwe tayari, maana kwenda kutafuta floti wakati wa msongamano ni sawa na mhudumu kwenda chai saa nne.

Zoezi

Nusu saa moja ina simu 45, kila moja dakika 4. Mzigo ni ngapi? Je, ratiba yenye wahudumu 9 itafika lengo la 80 kwa 20, na mmoja akikosa itakuwaje?

Jibu: 45 mara 4 ni 180. Gawa kwa 30, mzigo ni 6. Wahudumu 9 wanafika asilimia 85, lengo limepita. Mmoja akikosa, wakibaki 8, kiwango kinashuka hadi asilimia 70. Mzigo ni 6 na watu ni 8, kwa macho wanatosha kabisa, lakini wateja watatu kati ya kumi wanangoja zaidi ya sekunde 20.

Umtumie makala haya mwenzako wa boda, mama wa omena, au wakala wako wa karibu. Kila atakayepiga simu akiwa na namba ya muamala mkononi amewapunguzia foleni walio nyuma yake.